Upepo wa tairi za Coaster iliyogeuzwa nyumba: pima uzito kwanza

Nimetoka kumsaidia jirani hapa Moshi kuandaa Coaster aliyoitoa viti, akaweka kitanda, jiko na tangi la maji. Kila fundi tairi tuliyemuuliza upepo unaofaa alitaja namba yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza gari lina kilo ngapi. Ndiyo maana naandika. Mfano wangu ni wa Coaster yenye tairi mbili mbele na nne nyuma. Mwenye Canter au Land Cruiser yenye hema juu afuate njia hiyohiyo kwa namba zake.

Hatua ya 1: Soma ubavu wa tairi

Tairi za jirani zimeandikwa 205/85R16 117/115. Namba 117 maana yake tairi ikikaa peke yake inabeba kilo 1,285. Namba 115 ni zikikaa mbili mbili, kilo 1,215 kila moja. Kwa saizi hii uwezo huo unapatikana kwa upepo wa kilopaskali 600, yaani PSI 87. Hiyo 87 si namba ya kujaza. Ni upepo wa tairi iliyobeba mzigo wake wote, na wengi wanaoijaza kama ilivyo huishia na gari linalorukaruka na kuvunja vyombo kabatini.

Angalia pia namba nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba iliyozeeka haiokolewi na upepo wowote, hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado nzima.

Hatua ya 2: Mizani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapoparuka.

Kibao cha mlangoni kinachotaja upepo wa tairi kilipigiwa hesabu ya abiria waliokaa kwenye viti. Viti umetoa, umeweka mbao, betri na tangi, tena pengine vyote upande mmoja. Kibao hakijui hayo. Kwa hiyo pakia gari kama siku ya safari yenyewe. Lita 200 za maji ni kilo 200. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, kwa sababu chuma nacho kina uzito. Spea, jeki, madumu ya dizeli, magodoro na watu wote wawemo. Nimeshaona mtu akipima gari tupu halafu akajumlisha mizigo kwa kukadiria. Hesabu ile haimsaidii, kwa sababu haijui mzigo umeangukia ekseli ipi.

Magari ya kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupita mizani za serikali, lakini pale kuna foleni ya malori na hakuna atakayekuacha ucheze na gari lako. Mimi napendelea mizani za malori kwenye maghala na viwanda vya nafaka. Nenda saa ambayo hakuna lori, zungumza vizuri na mpimaji, mlipe chake, kisha omba haya:

Kwanza magurudumu ya mbele peke yake juu ya sahani ya mizani. Pili gari zima. Tatu ya nyuma peke yake. Kisha rudia, safari hii ukipandisha magurudumu ya upande wa kulia tu, mbele halafu nyuma. Uzito wa kushoto unaupata kwa kutoa.

Angalizo. Ardhi inayozunguka sahani iwe sawa nayo; gari likiinama, uzito unahamia upande mmoja na namba zinadanganya. Weka kigingi kwenye gurudumu, gia huru, achia breki zote, maana breki iliyoshika inavuta sahani. Dereva abaki kwenye usukani. Mbele ukijumlisha na nyuma ipatikane namba ya gari zima. Zikipishana zaidi ya kilo 50 hivi, pimeni upya. Na kama ekseli yoyote imezidi uwezo wake, acha habari ya upepo, punguza mzigo.

Hatua ya 3: Hesabu

Chukua upande mzito wa kila ekseli. Tuseme mbele kulia ni kilo 970, na nyuma kulia ni 1,520, yaani 760 kwa kila tairi.

Mbele: 970 gawanya kwa 1,285, zidisha kwa 87. Inakuja PSI 66.
Nyuma: 760 gawanya kwa 1,215, zidisha kwa 87. Inakuja PSI 54.4, ipandishe iwe 55.

Ongeza 5 za akiba: mbele 71, nyuma 60. Kushoto na kulia kwenye ekseli moja ziwe sawa. Ukiwa na jedwali la mtengenezaji wa tairi, fuata hilo; njia yangu hutoa namba ya juu kidogo, nami naona ni heri hivyo.

Fundi atakuambia umekosea, nyuma ndiko kunakojazwa zaidi. Mweleze kwa upole kwamba tairi ya mbele inabeba kilo 970 peke yake, ya nyuma 760. Ila nyuma usishushe ovyo: tairi pacha zikilegea zinatuna, zinasuguana na kupata moto.

Hatua ya 4: Jaza asubuhi

Kabla ya gari kutembea, tairi zikiwa baridi. Nunua geji yako mwenyewe. Geji za sheli zimeangushwa mara nyingi mno, na kugonga tairi kwa chuma kunakuambia tu kama imeisha kabisa. Kwa vali za tairi pacha za upande wa ndani funga virefusho vya chuma, vya plastiki vinavuja.

Usipunguze upepo wa tairi ya moto. Kwa tairi kama hizi, kila joto la ndani likipanda nyuzi 10, upepo unapanda PSI 2 hadi 3. Ukiondoka Moshi na 71, ukasimama Mto wa Mbu mchana, kukuta 80 ni kawaida. Fundi akikufungulia "upepo umezidi", kesho asubuhi unapandisha mlima kwenda Karatu na tairi laini zenye mzigo uleule, na hapo ndipo zinapopasuka. Mwambie aache.

Kimo cha Ngorongoro kinapandisha geji karibu PSI 2, baridi ya kule inaishusha. Usihangaike nacho.

Hatua ya 5: Changarawe

Ukivuka lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, lami imekwisha. Hapa tu ndipo unapopunguza, kwa sababu mwendo ni mdogo: toa asilimia 10 hadi 15 ya upepo uliojaza asubuhi tairi zikiwa baridi, na usizidi kilomita 50 kwa saa. Kila ukisimama, chungulia katikati ya tairi pacha. Jiwe likinasa hapo linakata zote mbili. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Kompresa iwe ya kubana kwenye betri na ifike PSI 100. Ile ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara haiwezi tairi hizi. Ulizia kompresa ni ya volti ngapi kabla ya kulipa, kwani baadhi ya Coaster za dizeli ni za volti 24.