Somo: Kumfuatilia mende anayelisha watoto tumboni, hatua kwa hatua

Watu wengi wakiona mende ametoa watoto hai husema "huyu anazaa", basi, habari imeisha. Subirini kidogo. Yule mende mkubwa wa Madagaska anayepiga mlio wa "fsss" naye hutoa watoto hai, lakini mayai yake hukaa tumboni yakijitegemea kwa kiini chao tu. Amewahifadhi, hajawalisha. Diploptera punctata ndiye anayewalisha hasa, na ndiye wa leo.

Hatua ya 1. Mtambue. Ana urefu wa kama sentimita 2, na mbawa zake za mbele ni ngumu kiasi kwamba kwa haraka utasema ni mbawakawa. Anapatikana Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Huko Hawaii hutafuna magome ya miti.

Hatua ya 2. Chombo chenye kifuniko cha wavu, vipande vya trei za mayai vya kujifichia, pamba iliyolowa maji, chakula kikavu cha mbwa, na joto la nyuzi 27 hivi. Hapa hakuna ufundi mkubwa.

Hatua ya 3. Watenge tunutu (mende wachanga ambao hawajakomaa) wa kike waliokaribia kujivua gamba kwa mara ya mwisho, la sivyo hutajua mimba ilianza lini. Jike akishajivua hutoka mweupe, laini kama mkate uliolowa, na dume humpanda papo hapo, gamba likiwa bado halijakauka. Mtie dume, andika tarehe, kisha weka mikono mfukoni. Mimi niliwahi kumsogeza mmoja kwa kidole. Bawa lake lilikunjamana na likakaukia hivyo hivyo mpaka alipokufa.

Hatua ya 4. Baada ya wiki moja hivi, kifuko cha mayai huchomoza nyuma yake, chenye mayai kama 12 yaliyopangwa safu mbili. Hukilaza ubavu, halafu hukirudisha ndani, kwenye mfuko wa uzazi. Ukienda kulala mapema, umekikosa.

Hatua ya 5. Hapa ndipo penye utamu. Mayai yale yana kiini kidogo mno, hayawezi kumfikisha mtoto mbali. Kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani ya yai, kikishapata koo la kumezea, kuta za mfuko wa uzazi huanza kutoa maziwa yenye protini, mafuta na sukari, nacho hunywa. Protini ikifika tumboni mwake hugeuka fuwele. Jike akifa na mimba, mpasue, weka tumbo la kiinitete kimoja chini ya hadubini: utaona vipande ving'aavyo kama vioo vilivyovunjika. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha umbo la protini hiyo, wakakadiria kwamba kwa uzito uleule fuwele hizo zina nishati zaidi ya mara tatu ya maziwa ya nyati wa kufugwa. Ni akiba: protini iliyoyeyuka ikitumika, fuwele huachia nyingine.

Hatua ya 6. Hesabu miezi miwili na ushei. Watazaliwa kama 9 hadi 12, weupe, wakubwa kuliko unavyotarajia kwa mama wa umbo lile. Ukubwa huo ndio ushahidi wa maziwa. Hujivua mara 3 au 4 tu wakawa watu wazima, ilhali mende wa kawaida wa majumbani, Periplaneta americana, anaweza kujivua zaidi ya mara 10.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakishazaliwa wanaendelea kunyonya?
Jibu: Hapana. Maziwa ni ya tumboni tu. Wakitoka wanatafuna kama wewe na mimi.

Swali: Kwa hiyo tunaweza kumkamua tukanywa?
Jibu: Nilijua litakuja! Jike mmoja hutoa chembe tu, na usalama wake kwa binadamu haujathibitishwa. Endelea na ng'ombe.

Swali: Nimemshika, vidole vimenuka vikali na vina doa la kahawia. Ni kinyesi?
Jibu: Ni silaha yake. Hurusha kemikali za kwinoni kupitia matundu ya kupumulia ya tumboni. Mtaalamu wa wadudu Thomas Eisner aliieleza mwaka 1958. Anaweza kurusha upande ule tu alioguswa. Nawa kwa sabuni, na usijisugue macho kabla hujanawa.

Swali: Wangu ametupa kifuko chote nje baada ya mimi kuhamisha chombo. Nikirudishe?
Jibu: Hakirudi. Mende waliosumbuliwa huharibu mimba, na viinitete hivyo bila maziwa ya mama haviishi. Jike mwenyewe mwache, anaweza kushika mimba nyingine. Safari hii chombo kikae palepale.