Jinsi ya kujua kama mlinganyo ni fanksheni

Juzi nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Daftari lilikuwa limejaa milinganyo ya x na y, na swali ni moja tu kila mahali: hii ni fanksheni au siyo? Njia tuliyoifuata ni hii.

Shika kanuni kwanza: kila x inayoruhusiwa itoe y moja tu. x mbili zikitoa y ileile hakuna tatizo. Katika y = x², 2 na −2 zote zinatoa 4, na bado ni fanksheni.

Hatua ya 1: Ibakize y peke yake. 3x + 2y = 12 inakuwa y = 6 − 1.5x. Ni fanksheni, endelea na swali lingine. xy = 6 inakuwa y = 6/x. x ikiwa 0 hupati y yoyote, na hilo linaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kupata y mbili.

Hatua ya 2: Kagua kipeo cha y. Hapa mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima nikiwa shuleni. Swali lilikuwa x² + y² = 25. Nikapata y² = 25 − x², nikaandika y = √(25 − x²), nikasema ni fanksheni. Nilisahau ±. Alama ya √ inakupa kipeuo kisicho hasi peke yake, ndiyo maana y = √x ni fanksheni lakini y² = x siyo.

Kibaya zaidi, nilihakiki kwa x = 5, nikapata y = 0 tu, nikaridhika. Ningeweka x = 3 ningepata 4 na −4. Mfano mmoja wenye y mbili unatosha kukataa, ila mifano mia yenye y moja moja haitoshi kukubali. Kwa hiyo usijaribu kwa namba za ukingoni. Chukua x ya katikati.

Wengi hukariri kwamba kipeo shufwa si fanksheni, kipeo witiri ni fanksheni. Sikushauri. y³ = x ni fanksheni kweli, lakini chukua y³ − y = x, uweke x = 0: y(y − 1)(y + 1) = 0, yaani y ni 0, 1 au −1. Sasa badilisha alama iwe y³ + y = x. Hii ni fanksheni, maana y ikiongezeka, y³ nayo inaongezeka, hivyo x iliyokwisha kupatikana hairudi tena kwa y nyingine.

Hatua ya 3: Grafu. Pitisha mstari wima; ukikata mchoro mara mbili popote, si fanksheni. GeoGebra, programu ya kuchora grafu, ni nzuri, ila ifungue baada ya kalamu. Kwenye kioo cha simu matawi mawili yaliyokaribiana huonekana kama moja.

Jaribu x = |y| (|y| ni ukubwa wa y bila alama ya hasi). Anza na x = 0, kisha x = 7.