Namna ya Kuzisikiliza Nyimbo za Jadi za Wanawake Weusi wa Marekani

Anayetaka kuufahamu uthabiti wa wanawake Weusi katika muziki wa jadi wa Marekani atangulize sikio kabla ya sifa, kwa kuwa mara nyingi wanawake hawa huitwa majasiri na mazungumzo yakaishia hapo, huku kazi waliyoifanya kwa mikono na pumzi zao ikibaki haijatazamwa. Nashauri kila wimbo usikilizwe mara tatu: kwanza ufuate ala peke yake, kisha sauti, na mwisho uulize wimbo huo ulimletea nini mwimbaji wake.

Anza na mpiga gitaa Elizabeth Cotten wa jimbo la North Carolina na wimbo wake "Freight Train", alioutunga angali msichana. Alikuwa mtu wa mkono wa shoto, na kwa kuwa gitaa alilolipata lilifungwa nyuzi kwa ajili ya mkono wa kulia, aliligeuza juu chini bila kuzihamisha nyuzi. Kwa hiyo kidole gumba, ambacho kwa wapigaji wengi ndicho kinachoshika besi, yaani sauti nzito za chini, kwake kilipiga nyuzi nyembamba zinazobeba sauti ya wimbo, na nyuzi nene akaziachia vidole vingine. Itegee sikio besi hiyo: inakwenda na kurudi pasipo kuyumba, kama mchi wa mtwangaji aliyeshika pigo lake, na juu yake wimbo unatembea taratibu. Ukiipata besi, umeusikia uthabiti wake kabla hajatamka neno.

Mara ya tatu ndiyo ngumu. Cotten aliliacha gitaa kwa miaka mingi, akaishi kwa kazi za nyumbani, hadi alipolishika tena katika nyumba ya familia ya Seeger, wanamuziki waliomwajiri. Mwaka 1957 wimbo wake ulivuma Uingereza ukiwa na majina ya wengine mahali pa mtunzi, na ilibidi haki yake idaiwe. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, alipokuwa amekwisha kupita miaka 60, na Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, ikamfikia mwaka 1985. Sioni sababu ya kuusifu ustahimilivu wake bila kuwataja waliomlazimisha kustahimili.

Kwa mwimbaji Vera Hall wa Livingston, jimbo la Alabama, aliyeishi kwa kupika na kufua, hatua ya kwanza haipo, maana "Trouble So Hard" aliuimba bila ala yoyote. Sikiliza basi anapovuta pumzi na anapoiachia silabi ishuke. Sauti hiyo ilizunguka dunia mwaka 1999 ndani ya wimbo wa Moby, mwanamuziki wa Marekani aliyeitumia rekodi yake, ilhali mwenyewe alifariki mwaka 1964.

Mwimbaji Odetta, mzaliwa wa Birmingham katika jimbo hilohilo, alifunzwa uimbaji wa opera tangu utotoni, kisha akazichukua nyimbo za wafungwa waliovunja mawe. Sikiliza mwisho wa mistari, pale anapoitoa pumzi kwa kishindo: hapo nyundo imetua. Alieleza kwamba nyimbo hizo zilimpa mahali pa kuitoa hasira aliyokuwa nayo, nami naamini asiyeisikia hasira hiyo hajausikia wimbo. Tarehe 28 Agosti 1963 aliimba mbele ya umati wa maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi.

Mwimbaji na mpigania haki Bernice Johnson Reagon usimsikilize peke yako ukiweza kupata wenzako. Mwaka 1961, katika mkutano wa wapigania haki za Weusi huko Albany, jimbo la Georgia, aliombwa aanzishe wimbo wa kanisani unaosema kwamba juu ya kichwa changu naona shida angani. Alipolifikia neno "shida", akaweka "uhuru", na waliokuwamo wakaitikia. Unaposikiliza nyimbo za namna hii usidanganywe na neno "mimi", kwani Reagon alifafanua kwamba katika jamii yake umoja hudhihirika pale kila mmoja anapolitamka neno hilo kwa kinywa chake. Kwa sababu hiyo sikiliza wanaopokea kuliko anayeanzisha: nani ameingia mapema, nani amechukua sauti ya chini, na ni wakati gani sauti ya kiongozi haitambuliki tena miongoni mwa sauti zao. Kisha cheza tena, na safari hii uitikie.