Namna ya Kusoma Riwaya ya Uchawi na Majoka Iliyoandikwa ili Ichekeshe

Msomaji aliyezoea riwaya nzito akipewa kitabu chenye joka jaladani na kuambiwa kwamba kinachekesha, mara nyingi hukisoma kwa namna mbili zisizofaa: ama hukaa akingoja kicheko katika kila sentensi, kama mtu aliyelipa kiingilio, ama hukipitia mbiombio akidhani ni hadithi ya watoto. Namna zote mbili humpotezea utamu, kwa sababu ucheshi wa riwaya hizi hautokani na vichekesho vilivyopachikwa huku na kule, bali hutokana na ulimwengu wa ajabu uliowekewa kanuni zake, ambao wakazi wake wanazifuata kanuni hizo bila utani wowote mpaka zinawafikisha pabaya. Kwa kuwa maelezo ya jumla hayamsaidii sana mtu mwenye kitabu mkononi, nitaegemea kazi za Terry Pratchett, Mwingereza aliyeandika riwaya 41 za mfululizo wa Discworld, ya kwanza ikitoka mwaka 1983 na ya mwisho ikitoka miezi michache baada ya kifo chake mwaka 2015. Zaidi nitaitumia riwaya ya nane, Guards! Guards!, ya mwaka 1989.

Jambo la kwanza ni kuchagua pa kuanzia, na hapa ushauri wangu unapingana na desturi ya kuanza na kitabu cha kwanza. Vitabu viwili vya mwanzo vya mfululizo huu vinadhihaki riwaya za mapanga na uchawi zilizopendwa Uingereza na Marekani katika miongo iliyotangulia, kwa hiyo msomaji asiyezifahamu huona watu wanakimbizwa huku na huko bila kujua anayechekwa ni nani. Riwaya ya nane inajitegemea. Inahusu askari wa zamu ya usiku katika jiji kubwa lenye uchafu, askari ambao kazi yao, kwa miaka mingi, imekuwa kuhakikisha kwamba hawafiki penye uhalifu kabla mhalifu hajaondoka. Hakuna anayehitaji maandalizi ya kitabu kingine ili awaelewe watu hao.

Ukishaanza, ukubali ulimwengu uliopewa. Dunia ya Discworld ni bapa, imebebwa na tembo wanne, na tembo hao wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kukwama hapa, maana wapo wazee waliotueleza tetemeko la ardhi kwa habari za ng'ombe aliyeibeba dunia kwenye pembe yake, na tangu 1951 tunayo Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi nzima iliyo angani, ambayo tuliisoma bila kumuuliza mwandishi inashikiliwa na nini. Swali lenye faida si kama jambo fulani linawezekana. Swali ni hili: ikiwa hivi ndivyo mambo yalivyo, karani atafanya nini, polisi atafanya nini, muuza soseji atapandisha bei kiasi gani?

Mfano mmoja utaonyesha ninachokusudia. Mtawala wa jiji lile ameona kwamba wizi hauwezi kukomeshwa, kwa hiyo ameuhalalisha: wezi wana chama chao chenye ofisi na viongozi, wanapangiwa kiasi cha wizi kwa mwaka, mtu aliyeibiwa anapewa risiti, na chama chenyewe ndicho kinachowashughulikia wezi wasio na kibali, tena kwa ukali ambao polisi hawangeuthubutu. Mpango unafanya kazi vizuri kabisa. Kisha anafika askari mpya, Carrot, kijana wa kimo cha ajabu aliyelelewa na vibete chini ya milima na ambaye amekihifadhi kitabu kikuukuu cha sheria za jiji neno kwa neno; anasoma humo kwamba wizi ni kosa, anakwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chama cha wezi, na anamkamata. Hakuna anayetoa kauli ya kuchekesha katika tukio hilo. Kijana ni mnyofu, mkuu wa wezi ameghadhabika kwa haki, wakubwa wa kituo wanatetemeka, na kila mmoja wao ana hoja. Msomaji anayesubiri kauli ya kuchekesha atalipita tukio hili akiwa amekunja uso, ilhali anayeuliza nani anafuata kanuni ipi ataangua kicheko kabla ukurasa haujaisha.

Jambo la pili ni kuikumbuka hadithi inayochezewa. Riwaya za aina hii zinadhani kwamba umekwisha kusikia habari za joka linalolalia dhahabu, mrithi wa kiti cha enzi asiyejijua, upanga wa ukoo na binti anayetolewa kafara. Kama ngano za Ulaya hukuzisikia utotoni, huhitaji kuzisomea. Inatosha ujue umbo lake kwa jumla, nalo halitofautiani sana na la hekaya zetu za majini na wafalme. Katika Guards! Guards! genge la siri linaliita joka kwa uchawi kusudi atokee kijana wa kulishinda, watu wamshangilie, wamvike taji, naye awe mfalme wa kuendeshwa na wenye njama. Njama yote imetegemea kwamba wananchi wanaijua ngano ile na wataitikia inavyotakiwa.

Askari nao wanaijua. Wakiwa juu ya paa, wakikusudia kulipiga joka mshale penye udhaifu, wanakumbuka kwamba katika kila hadithi nafasi moja katika milioni huwa haikosi kufanikiwa. Wanaanza kuingiwa na wasiwasi: itakuwaje kama nafasi yao si moja katika milioni kamili, bali ni moja katika elfu kadhaa tu? Nani amewahi kusikia shujaa aliyeokolewa na nafasi ya kawaida? Basi wanamwongezea mpigaji wao, Sajini Colon, vikwazo vya makusudi ili hesabu ifike inapotakiwa: asimame kwa mguu mmoja, apakwe masizi usoni, aimbe. Mimi sioni katika riwaya nzima ukurasa unaofundisha zaidi namna ucheshi huu unavyojengwa, kwa kuwa hesabu yao haina kasoro; kilichopotoka ni msingi tu waliouanzia, nao ni msingi tunaoukubali sisi wote tunaposikiliza ngano. Usome polepole, na usiruke hata mstari mmoja wa mazungumzo.

Kuhusu viumbe, kila akitokea mmoja jiulize mwandishi amembadilisha nini na kwa nini. Joka kubwa lililoitwa kwa uchawi ni la kutisha kwelikweli, nalo halichezewi hata kidogo. Mzaha umewekwa kwa jamaa zake wadogo, majoka ya kinamasi, ambayo tumbo lao limejaa kemikali zisizopatana, hivyo yanaugua kila siku na yakishtuka hulipuka. Anayeyafuga ni Bibi Sybil Ramkin, mwanamke wa ukoo mkubwa anayevaa viatu vya mpira na glavu nene, ambaye huzungumzia mimba, vikohozi na uzao wa majoka kwa lugha ya wafugaji wa mbwa wa maonyesho wa Kiingereza. Kisha yupo Mkutubi wa Chuo Kikuu cha wachawi, aliyegeuzwa orangutangu kwa ajali ya kiuchawi katika kitabu cha awali. Msomaji wa Adili na Nduguze anawakumbuka ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa uovu wao na wakawa wanachapwa kila usiku. Kwao unyani ni adhabu. Mkutubi huyu amekataa katakata kurudishiwa umbo lake, kwa sababu mikono mirefu inafikia rafu za juu. Ukimsoma baada ya kutoka kwa Shaaban Robert utaona jinsi ajabu ileile moja inavyoweza kubeba maonyo kwa mwandishi mmoja, na kwa mwingine ikabeba ridhaa ya mtumishi aliyepata kifaa cha kazi.

Mauti naye ni mhusika, tena anatokea karibu katika kila kitabu cha mfululizo. Amechorwa kama Ulaya ilivyozoea kumchora, mifupa mitupu na kisu kirefu cha kuvunia, lakini ni mpole, ana udadisi juu ya binadamu, anapenda paka, na maneno yake huchapwa kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu. Unapoziona herufi hizo, punguza mwendo. Sauti yake haipigi kelele. Ni nzito na tulivu, na utani wake hutokana na kwamba hana haraka ya jambo lolote.

Tanbihi zisomwe papo hapo. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba maandishi madogo ya chini ya ukurasa ni ya watafiti, lakini kwa Pratchett ndiko anakohifadhi baadhi ya mizaha yake bora, na tanbihi iliyosomwa baada ya kurasa ishirini ni sawa na tanbihi ambayo haikusomwa. Katika simu au kishikwambi iguse namba, usome, kisha urudi. Anayependa kusikiliza anaweza kutafuta rekodi za Kiingereza zilizoanza kutolewa mwaka 2022, ambamo tanbihi zimesomwa na mwigizaji Bill Nighy na maneno ya Mauti na Peter Serafinowicz, hivyo sikio linatambua mara moja nani anasema. Jambo jingine la kiutendaji ni kwamba riwaya hii haina sura. Masimulizi yanaruka kutoka kwa askari hadi kwa wenye njama, kutoka hapo hadi maktabani, yakitenganishwa na nafasi tupu pekee; ukitaka kupumzika, simama kwenye nafasi hizo, la sivyo utakapofungua tena hutajua uko kwa nani.

Lugha ni kikwazo cha kweli kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, na sitakificha. Majina mengi yana maana mbili, na baadhi ya mizaha inataka uwe umekulia Uingereza, umezoea vyama vyake vya mitaani na vipindi vyake vya zamani vya televisheni. Usifungue kamusi kila mara. Mzaha ulioupata baada ya kutafuta maneno matatu umekwisha kupoa, na kitabu kina mingine mingi inayokungoja. Uache ule upite, weka alama kwa penseli ukipenda, na uendelee. Panapokuwa na mazungumzo, soma kwa sauti. Mwanzoni mwa kitabu yupo mtu anayebisha mlango wa genge la siri usiku wa mvua, naye na bawabu wanabadilishana maneno ya siri marefu yenye fahari na yasiyoeleweka, mstari baada ya mstari, mpaka inagundulika kwamba mgeni amekosea mlango na kwamba genge analolitafuta liko kwingine. Kwa macho tukio hilo linachosha kidogo. Kwa sauti, hasa mkiwa wawili na kila mmoja akachukua sehemu yake, halihitaji maelezo.

Hao walio ndani ya mlango ndio wanaonifanya niiheshimu riwaya hii kuliko nyingine nyingi za aina yake. Wanaoliita joka si wachawi wakuu wala wafalme waliofukuzwa. Ni mafundi na wachuuzi wenye vinyongo vidogo: mmoja anamwonea gere shemeji yake aliyenunua gari la farasi, mwingine anamchukia muuza mboga aliyemdharau. Kiongozi wao hana nguvu yoyote ya peke yake. Anachojua ni kuzikusanya hasira hizo na kuzipa mwelekeo. Na joka likishajitwalia mamlaka, wakubwa wa jiji wanakaa mezani kuzungumzia chakula chake, yaani binti mmoja kila mwezi, kwa lugha ya adabu na ya kikao, kila mtu akikwepa macho ya mwenzake. Katika kurasa hizo ucheshi haukomi, ila unabadilika ladha, na msomaji asishangae akijikuta ameacha kucheka bila mwandishi kumwomba aache. Ni vyema kuzisoma katika kikao kimoja, bila kukatizwa, kwa sababu taratibu ambayo jiji linalizoea joka ndiyo yenye uzito, na taratibu hiyo hupotea ukizisoma vipandevipande ndani ya daladala.

Ukimaliza na ukataka kuendelea, wafuate askari walewale katika Men at Arms ya mwaka 1993, au umfuate Mauti katika Mort ya mwaka 1987, ambamo anamchukua kijana wa shamba awe mwanagenzi wake. Small Gods ya mwaka 1992 inahusu mungu aliyebakiwa na muumini mmoja tu, na inawafaa wanaopenda mjadala kuliko vituko. Kwa kijana wa sekondari watu wengi hupendekeza The Wee Free Men ya mwaka 2003, nami nakubali kwamba ni nzuri, lakini vijitu vya buluu vilivyomo humo vinazungumza Kiingereza cha Kiskoti kilichoandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo asipewe mpaka awe amesoma angalau riwaya nyingine mbili za mfululizo huu, au akae na mtu wa kumsomea sehemu hizo kwa sauti.