Kabla ya kupita Baragoi: mambo ya kuzingatia ukielekea Ziwa Turkana

Ukikaa siku mbili tatu Marsabit au Loiyangalani, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Turkana, utaulizwa swali ambalo mara ya kwanza huchekesha: "Kenya mmetoka lini?" Anayeuliza ana kitambulisho cha Kenya mfukoni na anapiga kura kama wewe. Lakini kwa sheria ya mwaka 1902 wakoloni walijipa uwezo wa kulifunga eneo hili la kaskazini mwa Kenya, na kwa miongo mingi mgeni hakulikanyaga bila kibali. Uhuru ulipokuja ulifuatwa na vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, kilomita zipatazo 500, imekamilika juzi tu, katikati ya miaka ya 2010. Unaingia kwa watu waliozoea kujilinda wenyewe, na ambao watakuwa wamekujua wewe ni nani kabla hujashuka garini.

Mapigano ya huku hayana mstari wa mbele. Ni mifugo, ni kisima, ni malisho, na siku hizi ni siasa za mipaka na viti vya kaunti. Leo bonde limelala shwari, kesho kutwa mbuzi wamechukuliwa na kila mwanamume ameshika bunduki. Julai 2005, huko Turbi katika Marsabit, watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, watoto wa shule wakiwemo. Novemba 2012 askari zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, si mbali na mji wa Baragoi katika Samburu, walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Mei 2022 Marsabit ikawekewa kafyu. Februari 2023 serikali ikatangaza sehemu za kaunti sita, Samburu na Turkana zikiwemo, kuwa maeneo ya hatari na ikapeleka wanajeshi. Siyataji haya kukutisha. Baada ya kila tukio kulifika siku ambapo magari yalipita palepale na watu wakanunua sukari kama kawaida. Tangazo linalotaja kaunti nzima lisome, ulitii, lakini halitakwambia kama barabara ya leo asubuhi inapitika.

Hilo utaambiwa na watu, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea, kwa sababu hatujui kuuliza. Ukimuuliza mtu "Huko mbele ni salama?" atakujibu "Ni salama tu," kwa ukarimu au kwa kutotaka kuisema vibaya nchi yake. Mimi nilijifunza kwa tanboi (utingo) mmoja wa lori la ng'ombe. Tulikuwa Baragoi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, injini inanguruma. Watu watatu walishatuambia njia ni shwari. Huyu kijana alikuwa amechuchumaa akifunga kamba ya turubai, hata hakuinua kichwa. Akauliza, "Gari la jana kutoka Loiyangalani mmeliona?" Hatukuliona. "Basi kunyweni chai." Tulikunywa chai mpaka saa nne, lile gari likaingia limejaa vumbi na abiria wake wote, nasi tukaondoka. Tangu siku hiyo nauliza vitu vinavyohesabika. Gari la mwisho limepita lini? Lilirudi? Wachungaji wa upande huu wamelala wapi jana, na kama wamehama, wamehama wakielekea wapi? Soko limefunguliwa? Wanawake wameenda kuteka maji kama kawaida? Uliza watu wa pande zote mbili. Baragoi yenyewe ina Wasamburu na Waturkana, na habari ya upande mmoja ni nusu ya habari. Kisha pita kituo cha polisi, uandikishe jina na namba ya gari, useme unatarajia kufika wapi na saa ngapi. Na umwachie mtu nyumbani ratiba hiyohiyo, mkiwa mmekubaliana afanye nini usipopiga simu.

Linalofuata kwa uzito ni nani amekaa nawe garini. Wewe mgeni huna ugomvi na mtu, lakini dereva wako ana kabila, mwongozaji wako ana kabila, na yule kijana mpole aliyeomba lifti kwenye kona ana kabila na huenda ana kesi. Kwa macho ya aliyejificha mlimani, gari ni la yule anayemwona kwenye kiti cha mbele. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu hubadilisha waongozaji njiani: Msamburu hadi South Horr, Mturkana au Mmolo ziwani, Mgabra ukivuka jangwa la Chalbi kwenda North Horr. Ni gharama, ndiyo, na ni usumbufu, lakini mwenyeji anajua njia, na pia anajulikana. Lifti nayo ina utata. Kumnyima mama mjamzito nafasi jangwani ni ukatili. Kumpakia mwanamume mwenye bunduki ni kuchagua upande bila kujua. Afadhali mkubaliane garini kabla ya kuondoka, maana barabarani hakuna muda wa mjadala. Eskoti ya polisi pia usiione kama dawa ya kila kitu. Kuna njia inayohitajika, na kuna wakati sare ndiyo inayovuta risasi. Mwulize mkuu wa kituo na mwulize chifu. Wakitofautiana, lala hapo.

Kuhusu majira, wengi hudhani kiangazi ndicho hatari. Kina shida zake, na ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, uliua mifugo kupita kiasi. Lakini uvamizi mwingi huja baada ya mvua: nyasi zimeota, vichaka vinaficha mtu, na ng'ombe ana nguvu ya kuswagwa usiku kucha. Mvua pia hujaza laga, yale makorongo ya mchanga ambayo siku zote huonekana kama barabara. Usipige kambi ndani ya laga hata mbingu ikiwa safi kabisa. Maji hutoka kwenye mlima ambao huuoni.

Njia zenyewe ni mbili. Ya Maralal, Baragoi na South Horr ni ya zamani, nzuri kwa macho na mbaya kwa tairi. Ya pili inaachana na lami Laisamis na kufuata barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita 200 hivi hadi Sarima, ambako mitambo 365 inazunguka uwanda mzima. Hiyo ni pana na ina magari zaidi. Vyovyote vile, nenda na magari mawili. Chukua matairi mawili ya spea, vifaa vya kuziba pancha, jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea, maana mawe meusi ya volkano huteleza na mchanga huimeza. Jaza mafuta Maralal au Marsabit na ubebe mengine kwenye madumu. Maji yasipungue lita tano kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku mbili ambayo haiguswi. Ziwa utaliona, rangi yake kijani inayobadilika na jua, lakini maji yake ni ya magadi. Usiyafanye mpango wako. Pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu mtandao ukikatika M-Pesa haikusaidii. Usisafiri usiku. Hilo la mwisho halina maelezo marefu.

Afya nitaipitia upesi: dawa na neti ya malaria, bima inayolipia ndege ya wagonjwa (na namba yake iandikwe kwenye karatasi, si kwenye simu tu), viatu vya kufunika mguu, na kuvikung'uta kila asubuhi kwa ajili ya nge. Moja watu hawalijui: Marsabit na Turkana kuna ugonjwa wa kala-azar, unaoletwa na inzi wadogo wa mchangani wanaopenda kukaa kwenye vichuguu. Usitandike karibu na kichuguu.

Sasa watu, maana pengine ndio uliowafuata. Jifunze salamu kabla ya jina la mlima wowote. Kwa Wagabra na Waborana utasikia "nagaa," ambayo ni amani. Kwa Wasamburu "serian," nayo ni amani. Waturkana watakwambia "ejok," ni vizuri. Angalia jinsi salamu inavyokwenda taratibu: amani ya watu, ya mifugo, ya mvua, ya njia uliyotoka. Ile si porojo kabla ya mazungumzo. Hapo watu wanapeana taarifa za usalama, na ukiikatiza ili uulize bei ya kambi umejinyima habari bora ya siku. Ukifika manyata, yaani boma la wafugaji, simama nje, uulize mzee ni nani, ukubali chai.

Usimwulize mtu ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumwuliza mgeni ana shilingi ngapi benki, na mahali ambapo mifugo huporwa swali hilo lina harufu nyingine kabisa. Usianze pia na "Wewe kabila gani?" Ngoja, atakwambia mwenyewe, au shanga zitakwambia.

Kamera ina adabu zake. Omba, ngoja jibu, na kama mmekubaliana malipo basi yawe wazi kabla, na ni kwa wangapi. Usipige bunduki picha, hata mwenyewe akikupigia pozi, wala kizuizi cha polisi. Kwenye visima vya Wasamburu, vijana hushuka shimoni uchi wakipokezana ndoo kwa wimbo, na kila kundi la ng'ombe hujua wimbo wa mwenyewe likaja kunywa. Hapo kamera ibaki garini. Ulichokwenda kukipata kinaingilia masikioni. Droni iache nyumbani. Mbali na kwamba inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, ardhi hapa ni kidonda kibichi: Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya ule mradi wa upepo zilipatikana kinyume cha sheria. Mgeni anayepeperusha kitu angani juu ya malisho anaonekana kama mpimaji.

Zawadi ni sukari, majani ya chai, na tumbaku kwa wazee. Mpe mzee au mama mwenye nyumba, naye atagawa. Peremende kwa watoto dirishani zimeshaharibu vijiji vya kutosha. Baada ya miaka michache wale watoto wanasimama katikati ya barabara.

Mwisho wa safari, pengine utataka kuwaona Wamolo, watu wachache mno ambao lugha yao ya asili imekwisha midomoni na wengi sasa husema Kisamburu. Ziwa limepanda miaka hii, likafunika barabara na makaburi yao, na kijiji cha Komote kimezungukwa na maji. Utavuka kwa boti. Valia jaketi la kuokoa maisha, hata kama boti nzima hakuna mwingine aliyevaa, na ukumbuke mamba wapo. Upepo wa Loiyangalani hung'oa hema usiku na kuchafua ziwa kwa ghafla, kwa hiyo kabla ya kupanda tafuta mvuvi anayeshona wavu wake ufukweni, asiyekuwa na boti ya kukukodishia, umwulize kama yeye leo angevuka.