Jinsi ya kuomba malipo ya Medicare kwa vipimo vya picha za vena

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu wanaoandaa madai ya malipo katika kliniki za Marekani, hasa walioingia kwenye kazi hii karibuni wakitokea uuguzi au mapokezi. Misimbo (namba zinazotaja kila huduma) ya picha za vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ni michache, lakini madai yake hukataliwa kwa urahisi, na dai likiharibika anayehangaika ni mzee aliyekuja na mguu uliovimba. Ninazungumzia Medicare ya serikali, yaani bima ya afya ya Marekani iliyo hasa kwa wazee, Sehemu B, inayolipia huduma za madaktari na za mgonjwa wa nje. Mipango ya Medicare Advantage huendeshwa na kampuni binafsi, na baadhi yake hudai kibali kabla ya kipimo.

Kwanza, soma ripoti ya daktari mpaka mwisho

Usifungue fomu kabla ya hapo. Karatasi ya miadi hueleza kipimo kilichoagizwa, ila malipo huombwa kwa kipimo kilichofanyika, na mara nyingi viwili hivyo hutofautiana. Daktari anaweza kuagiza altrasaundi ya miguu yote miwili, kisha fundi akapima mmoja tu.

Tafuta mambo manne: ni kiungo gani kilichopimwa, upande gani, kipimo kilikuwa kamili au cha sehemu tu, na mgonjwa alikuwa na dalili gani. Ripoti ya altrasaundi ya dupleksi, inayoonyesha mshipa pamoja na mwendo wa damu, ieleze pia jinsi vena zilivyoitikia zilipobanwa, kwa kuwa maelezo rasmi ya msimbo yanataja jambo hilo. Likikosekana, irudishe ripoti kwa daktari. Ni yeye anayepaswa kuikamilisha, kama kweli kazi hiyo ilifanyika. Wewe usijaze pengo kwa kukisia.

Pili, chagua msimbo wa kipimo

Altrasaundi kamili ya vena za miguu yote miwili, au mikono yote miwili, ni 93970. Ya upande mmoja, au ya sehemu tu, ni 93971. Hapa ndipo wengi hukosea: miguu yote miwili ikitazamwa kwa sehemu tu, bado ni 93971, mara moja. Usiandike 93970 kwa kuwa tu miguu ilikuwa miwili, wala usiweke misimbo hiyo miwili pamoja kwa uchunguzi mmoja.

Venografia, yaani eksirei ya vena baada ya kudungwa dawa ya kuonyesha mishipa, huwa na sehemu mbili za kazi. Picha na usomaji wake kwa kiungo kimoja ni 75820, kwa viungo vya pande zote mbili ni 75822. Kudunga dawa yenyewe ni 36005. Kama katheta, yaani mrija mwembamba, ilisogezwa mpaka kwenye vena kava, mshipa mkuu unaoingia moyoni, 36010 huingia badala yake, na picha ya vena kava ya chini ni 75825. Msimbo wa 76937, wa kuongoza sindano kwa altrasaundi, usiuongeze kwa mazoea. Unataka ripoti ionyeshe kwamba mshipa ulikaguliwa kuwa uko wazi, sindano ilionekana ikiingia, na picha ya kudumu imehifadhiwa. Bila picha hiyo, uache.

Baada ya msimbo huja modifaya, alama mbili zinazoongeza maelezo kwenye msimbo. Daktari aliyesoma picha zilizopigwa kwa mashine ya hospitali huandikiwa 26, yaani usomaji tu, na hospitali hudai sehemu yake kwenye fomu ya UB-04. Kliniki yenye mashine yake, ambayo daktari wake pia ndiye msomaji, haiweki 26 wala TC, yaani sehemu ya mashine na fundi. Kwa 93971, RT ni kulia na LT ni kushoto.

Tatu, andika sababu ya kipimo

Donge la damu likionekana, andika mahali lilipo kwa msimbo wa ugonjwa: I82.411 ni donge jipya kwenye vena ya paja la kulia, I82.432 ni la nyuma ya goti la kushoto. Lisipoonekana, andika dalili iliyomleta mgonjwa, kama R60.0 kwa uvimbe wa sehemu moja ya mwili au M79.661 kwa maumivu ya mguu wa kulia chini ya goti. Daktari akiandika “huenda ni donge” au “kuondoa shaka ya donge”, kwa mgonjwa wa nje hilo halihesabiwi kuwa ugonjwa. Ukiliandika kama ugonjwa, umemwekea mtu kwenye kumbukumbu zake maradhi asiyo nayo, na yatamfuata kila aendako kutibiwa. Nakuomba sana, hapa usiharakishe.

Nne, jaza CMS-1500, fomu ya dai

Ofisi nyingi hutuma kwa kompyuta. Zenye wafanyakazi chini ya 10 wa muda wote zinaruhusiwa karatasi, lakini iwe fomu halisi ya wino mwekundu, si fotokopi.

Kisanduku cha 1a ni namba ya Medicare, yenye tarakimu na herufi 11. Haina herufi O wala I, hivyo unachokiona kama O ni sifuri. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi, hata kama jumuiya nzima inamjua mama huyo kwa jina la mumewe au la mwanawe. Kama hana bima nyingine inayotangulia Medicare, kisanduku cha 11 kiandikwe NONE. Kikiachwa wazi dai hurudi. Cha 17 ni jina la daktari aliyeagiza kipimo, likitanguliwa na DK, alama ya mwagizaji, na namba yake ya utambulisho, NPI, iwe kwenye 17b. Magonjwa huenda cha 21, misimbo ya kipimo na modifaya 24D, na 24E huunganisha kipimo na sababu yake. Mahali pa huduma ni 11 kwa ofisi ya daktari, 22 kwa mgonjwa wa nje ndani ya hospitali.

Dai lifike ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya huduma. La kompyuta lililo safi hulipwa kuanzia siku ya 14, la karatasi kuanzia siku ya 29.

Likirudi au likikataliwa

Tofautisha mambo hayo mawili. Dai lililorudishwa kwa kukosa taarifa halina rufaa: lisahihishe, ulitume upya. Lililokataliwa, kwa mfano kwa CO-50, yaani kipimo hakikuonekana kuwa cha lazima kitabibu, ndilo la kukatia rufaa. Kabla ya kumtumia mgonjwa bili, angalia kama kabla ya kipimo alitia saini ABN, notisi ya kumwonya kwamba Medicare huenda isilipe. Kama hakutia, kwa kawaida gharama hiyo haimwangukii yeye.

Rufaa ya kwanza hupelekwa ndani ya siku 120 tangu kupokea uamuzi, na fomu CMS-20027 inatosha. Ambatanisha ripoti, agizo la daktari na maelezo ya ziara yanayoonyesha dalili. Ikishindikana, ya pili ina siku 180. Humo weka kila ushahidi ulio nao, kwa sababu ushahidi mpya katika ngazi inayofuata haupokelewi bila sababu ya msingi.