Kutoa Damu Mombasa: Hatua kwa Hatua, Tangu Kujua Kundi Lako Hadi Damu Kumfikia Mgonjwa

Watu wengi huanza kuuliza kundi lao la damu siku ambayo mgonjwa wao yuko kitandani na daktari ameshasema anahitaji kuongezewa. Jamaa wanajazana kwenye tuktuk, wanashuka mlangoni mwa hospitali usiku, na wa kwanza kufika dirishani anasema: "Sisi sote ni ndugu zake, tutoeni damu mumtie sasa hivi." Mimi nafanya kazi ya maabara hapa Mombasa, na jibu letu huwa ni lile lile: damu mtakayotoa usiku huu siyo atakayotiwa mgonjwa wenu usiku huu. Lazima ipimwe kwanza, na vipimo vina muda wake. Atakayotiwa leo ni ile iliyotolewa kitambo na mtu asiyemjua, ikapimwa, ikawekwa frijini.

Kwa hivyo mwongozo huu ni wa mtu ambaye kwa sasa hana mgonjwa yeyote. Mwenye mgonjwa aruke moja kwa moja hadi hatua ya 7.

Hatua ya 1: Jua kundi lako

Makundi ni manne: A, B, AB na O. Karl Landsteiner, daktari wa Austria, alichapisha ugunduzi wake wa makundi ya damu mwaka 1901, na kabla ya hapo kumtia mtu damu ya mwenzake kulikuwa ni kubahatisha. Mmoja anapona, mwingine anakufa, na hakuna ajuaye kwa nini. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangiaji Damu Duniani.

Kinachotofautisha makundi ni alama zilizo juu ya chembe nyekundu, ambazo wataalamu huziita antijeni. Mwenye alama A ni kundi A, mwenye B ni kundi B, mwenye zote mbili ni AB, asiye na hata moja ni O. Majimaji ya damu, yaani plazima, nayo yana kingamwili za kushambulia ile alama usiyokuwa nayo. Mtu wa kundi A ana kingamwili dhidi ya B. Wa O anazo dhidi ya A na B pia. Wa AB hana. Shikilia hapo, maana hatua ya 2 yote imesimama juu ya jambo hili.

Kuna alama nyingine, D, ya mfumo wa Rh. Ukiwa nayo unaandikiwa jumlisha (+), ukiikosa unaandikiwa kutoa (–). Kwetu Kenya walio na kutoa ni wachache sana, na kundi lenye watu wengi zaidi ni O+.

Kipimo chenyewe ukikitazama utakipenda. Kwenye kigae cheupe tunadondosha matone matatu ya damu yako. La kwanza tunalitia dawa ya buluu, ya kupima A. La pili dawa ya manjano, ya kupima B. La tatu dawa isiyo na rangi, ya kupima D. Tunakoroga kila moja kwa kijiti chake, kisha tunainamisha kigae huku na huku taratibu. Penye alama, damu inakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu: vinabaki vipande vyekundu vinavyoelea kwenye maji. Pasipo na alama inabaki laini. Ikikatika kwenye buluu na kwenye isiyo na rangi tu, wewe ni A+. Ikikatika kwenye ile isiyo na rangi peke yake, ni O+. Si kazi ya zaidi ya dakika chache.

Huna haja ya kulipia kipimo hiki. Ukitoa damu utajulishwa kundi lako bure. Kina mama waliohudhuria kliniki ya wajawazito wengi wao tayari wameandikiwa kwenye kitabu cha kliniki, kifungue uangalie.

Na tafadhali, kundi la damu lisigeuzwe kipimo cha ndoa. Nimeshaona mzee anakuja na karatasi mbili, yake ya A na ya mkewe ya B, na mtoto ni O, akitaka tumwambie kama mtoto ni wake. Baba wa A na mama wa B wanaweza kuzaa mtoto wa O bila tatizo lolote, maana kila mmoja anaweza kuwa amebeba urithi wa O uliojificha. Kipimo cha ubaba ni DNA, na hicho sisi hatukifanyi kwenye kigae.

Hatua ya 2: Elewa nani anampa nani

Kanuni ni moja: usimtie mgonjwa chembe zenye alama ambayo kingamwili zake zinaishambulia. Kwa chembe nyekundu, ambazo ndizo wagonjwa wengi hupewa, hali ni hii:

O anaweza kumpa O, A, B na AB.
A anaweza kumpa A na AB.
B anaweza kumpa B na AB.
AB anaweza kumpa AB peke yake.

Juu ya hapo weka Rh: mwenye kutoa (–) anaweza kumpa mwenye kutoa (–) na mwenye jumlisha (+), lakini damu ya jumlisha haipaswi kwenda kwa mgonjwa wa kutoa (–). Ndiyo maana O– hukimbiliwa katika dharura, pale mgonjwa anapovuja damu na hakuna muda wa kupima kundi. Mwenye O– mwenyewe hapokei ila O–. Kama wewe ni mmoja wao, kituo cha damu kiwe na namba yako ya simu.

Kwa plazima mambo yanageuka. Anayeweza kumpa kila mtu ni AB, kwa sababu plazima yake haina kingamwili dhidi ya A wala B. Watu wa AB hudhani damu yao haina soko, wanakosea.

Mjamzito wa kundi la kutoa (–) asome aya hii mara mbili. Mtoto akiwa wa jumlisha, damu yake ikichanganyika na ya mama wakati wa kujifungua au mimba ikitoka, mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili zitakazomshambulia mtoto wa mimba inayofuata. Kuna sindano ya kuzuia hilo, iitwayo anti-D, na baada ya kujifungua inatakiwa ndani ya saa 72. Uliza kliniki mapema, usingoje chumba cha kujifungulia.

Hatua ya 3: Jikague kabla ya kutoka nyumbani

Uwe na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na ujisikie mzima siku hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Kama umetibiwa malaria karibuni, unameza dawa, umefanyiwa upasuaji au umechorwa tatuu, njoo useme. Pengine utaambiwa urudi baada ya muda fulani, si kwamba umefukuzwa.

Kuna maswali ya faragha kuhusu mahusiano na hatari za kuambukizwa. Jibu kweli. Kama unachotaka ni kujua hali yako ya virusi vya Ukimwi, nenda kituo cha kupima, ni bure na majibu unapata siku hiyo hiyo. Usitumie mfuko wa damu kujipimia, kwa sababu maambukizi ya siku chache zilizopita yanaweza kupita vipimo bila kuonekana, na anayeumia ni mtoto wa watu.

Hatua ya 4: Jiandae, hasa na joto letu

Kunywa maji tangu jana yake. Asubuhi kula: mahamri na mbaazi inatosha kabisa, ila usizidishe vitu vya mafuta mengi. Dafu moja njiani ni jambo jema. Anayekuja tumbo tupu ndiye huyo anayetuangukia kwenye benchi.

Mlaji wa muguka, yale majani ya kuchangamsha jamii ya miraa, aliyekesha asije siku hiyo. Moyo wake unakwenda mbio, presha iko juu, hajalala, na tutamrudisha. Vaa nguo ya mkono mpana. Kina mama, mkono wa buibui uweze kupanda juu ya kiwiko bila kubana. Ramadhani njoo baada ya futari, ukiwa umeshakula na kunywa vya kutosha.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kituo cha damu cha kanda kiko katika Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuliyozoea kuiita Coast General. Pia timu hutoka kwenda shuleni, makanisani, misikitini na kwenye viwanja. Ukiona hema na vitanda vya kukunja, karibia.

Kwanza unajaza fomu. Pili unapimwa uzito na presha. Tatu unadungwa kidole. Vituo vingi hudondosha tone hilo kwenye kichupa cha maji ya buluu, ambayo ni mruturutu uliopimwa uzito wake kwa makini. Tone likizama upesi, damu yako ina himoglobini (ile inayobeba oksijeni) ya kutosha, yaani gramu 12.5 au zaidi kwa kila desilita. Likielea au kusitasita katikati, upungufu upo, na utarudishwa nyumbani ukale mchicha, kunde, maini na dagaa, na upunguze kunywa chai pamoja na chakula kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Wengine hutumia mashine ndogo badala ya kichupa.

Kisha unalala. Mkono unafungwa kamba, mshipa unatafutwa kwenye kiwiko, unasafishwa kwa spiriti. Sindano ni nene kuliko ile ya kawaida, sitakudanganya. Inauma sekunde chache. Sindano na mfuko ni vipya, vimefungwa, vinafunguliwa mbele yako. Funga na fungua kiganja taratibu. Mfuko unachukua mililita 450, na mtu mzima ana kama lita 5 mwilini. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 10.

Ukihisi jasho jembamba, masikio yanavuma au macho yanaingia kiza, sema hapo hapo. Tutakuinua miguu na kusimamisha. Vijana wenye misuli ndio hujikaza kimya hadi wazimie.

Hatua ya 6: Ukishatoa, na lini urudi

Kaa dakika 15, kunywa soda au juisi, kula utakachopewa. Plasta iache saa kadhaa. Siku hiyo usibebe mizigo kwa mkono huo, kwa hivyo kuli wa bandarini aje siku ya mapumziko, na mwendesha boda asirudi barabarani papo hapo. Maji yaliyotoka hurudi kwa siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa.

Damu yako hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Ikiwa safi inaweza kugawanywa mara tatu: chembe nyekundu, plazima na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Hapa ndipo penye hesabu inayotukosesha usingizi. Plazima ikigandishwa hukaa hata mwaka. Chembe nyekundu kwenye mfuko wa kawaida hukaa siku 35 frijini. Chembe sahani, ambazo mgonjwa wa saratani anaweza kuzihitaji, hukaa siku 5 tu. Kwa hivyo umati wa watu siku moja kisha kimya miezi mitatu hautusaidii sana. Tunahitaji watu wachache wachache kila wiki.

Wanaume warudi baada ya miezi 3, wanawake baada ya miezi 4. Ukiweza kuchagua, chagua wakati ambao wengine hawaji: katikati ya Ramadhani baada ya futari, na Desemba shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya watoaji wetu. Mvua zikija malaria huongezeka, na watoto wa Pwani wanaletwa wakiwa weupe midomoni kwa kukosa damu. Mtoto kama huyo hana saa sita za kusubiri mjomba apimwe. Na wenye selimundu (sickle cell) mahitaji yao hayana msimu.

Hatua ya 7: Mgonjwa akiwa ni wako

Muuguzi atatoa sampuli, nasi tutapima kundi lake na kulinganisha damu yake na ya mfuko, kazi inayoweza kuchukua karibu saa nzima. Usimgombeze. Kazi yako wewe ni jina. Ajali mbaya za kutiwa damu isiyolingana mara nyingi hutokana na chupa ya sampuli ya mtu mmoja kuandikwa jina la mwingine, na wodi ya Mombasa yaweza kuwa na akina Fatuma Ali wawili na Mohamed Said watatu. Jina peke yake halitoshi. Wauguzi wawili wanapokuja na mfuko, wanatakiwa wasome majina yote, namba ya hospitali na kundi, walinganishe na mgonjwa mwenyewe. Wewe sikiliza. Namba ikitofautiana hata tarakimu moja, sema.

Kaa naye dakika 15 za mwanzo, ndizo za hatari zaidi. Akitetemeka kwa baridi, akapata homa ghafla, akalalamika mgongo au kifua, akawashwa mwili mzima, akashindwa kupumua, au mkojo ukawa mweusi kama kokakola, mwite muuguzi bila kuona haya. Damu itafungwa mara moja. Na mfuko uliobaki usiruhusu utupwe, hata kama umebaki na vijiko viwili: urudi maabara pamoja na sampuli mpya ya mgonjwa, tupime upya.